Kichupa cha Matone Mia: Chanjo ya Mdondo na Kuku wa Nyumbani Garissa

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wafugaji wa kuku, maafisa wa mifugo na vikundi vya akina mama, mjini Garissa



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie raha na taabu za kufuga kuku nyumbani katika kaunti zetu za Garissa, Wajir na Mandera. Naomba radhi mapema kwamba sitagawa muda wangu sawasawa. Raha nyinyi mnazijua kuniliko. Taabu nyingi mmekwisha kuzitafutia dawa wenyewe. Lakini kuna moja ambayo kwa miaka yote ya utumishi wangu nimeiona ikifagia mabanda, na ambayo dawa yake ipo, ni rahisi, na haifiki. Hiyo ndiyo nitakayokaa nayo.

Maana ya maneno

Kuku wa kienyeji ni kuku wa hapa kwetu, aliyezoea kujitafutia. Ufugaji huria ni kumfungulia asubuhi na kumfungia jioni. Ufugaji nusu huria ni kumwekea uzio na kumwongezea chakula. Ufugaji wa ndani ni ule wa kumfungia daima. Wengi wetu hapa tuko kwenye ule wa kwanza, na katika bulla zetu, yaani mitaa yetu, kuku wa nyumba moja hula kwenye nyua za nyumba tatu. Jambo hilo la nyumba tatu nitalirudia.

Raha yake

Wazee wa kifugaji hawakumthamini kuku. Ngamia huhama na watu, mbuzi huhama, kuku hawezi kutembea kutwa kufuata malisho. Mzee mmoja wa upande wa Balambala aliwahi kukataa kuketi kwenye kikao chetu cha kuku. Alisema mali ni ile inayoweza kwenda kisimani kwa miguu yake. Sikumbishia, kwa kuwa kwa maisha aliyoyaishi alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Familia zikahamia pembezoni mwa miji, na huko ndiko nilikomkuta binti wa mzee yule, na kuku saba chini ya mti wa mathenge. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwawekea maji.

Ngamia akiuzwa, wanaume huketi wakakubaliana. Kuku haitishiwi kikao. Mama akiona mtoto hana kalamu, au unga umekwisha, humkamata jogoo mmoja akampeleka soko la Mugdi, na pesa inarudi mkononi mwake yeye. Yai huatamiwa siku 21, vifaranga wakatoka, na baada ya miezi michache kuna tembe wa kuuza au wa kuendeleza. Hakuna mfugo mwingine unaomrudisha mtu aliyefilisika kwa kasi hiyo. Na kuna furaha isiyo ya pesa: koo akitoka na vifaranga kumi nyuma yake, ua mzima hutulia kumtazama, na jogoo akiwika kabla ya Alfajiri, wenye nyumba humkumbuka Mola na kumwomba fadhila zake, kama tulivyofundishwa.

Taabu ninazozipita haraka

Mwewe huchukua vifaranga mchana. Nguchiro na kenge hula mayai, na vichaka vya mathenge vilivyokaribia nyumba ndivyo makao yao. Anayekata mathenge hatua ishirini kuzunguka banda hupunguza hasara bila kununua kitu. Mafuriko ya Tana ya mwisho wa 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yalisomba mabanda ya kando ya mto. Waliokuwa wamejenga banda juu ya nguzo waliokoa kitu.

Joto nalo nalitaja kwa sababu litarudi kwenye hoja yangu. Kuku hana jasho. Hupoza mwili kwa kuhema, na anapohema sana hupoteza hewa ya kaboni dioksidi anayoihitaji kutengenezea ganda, ndiyo maana mayai ya Februari huvunjika mkononi. Banda liwe na urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie ubavuni, kuta ziwe za fito zinazopitisha upepo, maji yawe kwenye chungu kivulini na yabadilishwe adhuhuri. Kuku shingo uchi hustahimili joto kuliko wenzake, na akina mama wa Sankuri hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia hilo.

Mdondo

Sasa nifike nilipokusudia. Ugonjwa huu katika vitabu huitwa mdondo au kideri, na wengi wetu tunauita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana kisiwani Java. Kenya uliandikwa rasmi katika miaka ya 1930. Yaani tumeujua kwa karibu miaka 90. Unaletwa na virusi. Kuku huacha kula, hushusha mabawa, huhema mdomo wazi, hutoa choo cha kijani, na baadhi hupinda shingo wakazunguka kama waliopoteza kibla. Katika kundi lisilochanjwa wanaweza kufa nane kati ya kumi, au wote. Hakuna dawa ya kuutibu. Nalisema hili wazi kwa sababu katika kila mlipuko hukutwa maganda ya dawa za antibiotiki kando ya banda. Dawa hizo huua bakteria, hazigusi virusi. Mama ametoa pesa, kuku wamekufa, na pesa imekwenda.

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka. Ayeyo mmoja, yaani bibi, wa bulla ya pembezoni mwa mji aliniita kabla ya saa moja. Jana yake alikuwa na kuku thelathini na wanne, ambao kwao alikuwa akimlipia mjukuu karo ya chuo. Nilipofika alikuwa amewapanga waliokufa kwenye mkeka, majogoo upande mmoja, makoo upande mwingine. Waliobaki walikuwa watano na wote wameinamisha vichwa. Aliniuliza, “Daktari, chanjo ya ugonjwa huu ipo?” Nikamwambia ipo. Akaniuliza, “Iko wapi?” Mada hii yote ni jaribio langu la kumjibu.

Iko Nairobi. Taasisi ya KEVEVAPI huitengeneza nchini mwetu, na maduka ya dawa za mifugo huuza pia ya kutoka nje. Bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai. Hakuna mtu katika ukumbi huu anayeweza kusema chanjo ya mdondo ni ghali. Kinachotushinda ni mambo matatu: baridi, ukubwa wa kichupa, na kalenda.

Nianze na baridi. Chanjo iliyo hai yapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kutoka kiwandani mpaka kwenye jicho la kuku. Ikipata joto, virusi vyake dhaifu hufa, na unachodondosha ni maji tu. Ubaya wake ni kwamba chanjo iliyokufa haibadiliki rangi wala harufu. Nimewahi kununua vichupa katika duka moja ambalo silitaji, vikiwa ndani ya friji pamoja na soda. Nilipogusa ukuta wa friji ulikuwa na uvuguvugu, maana umeme ulikuwa umepotea tangu usiku. Muuzaji hakuwa mwongo. Yeye aliviona vimo ndani ya friji na friji ina mlango.

Watu husema, basi tumieni chanjo inayostahimili joto. Ni kweli kwamba ipo, inaitwa I-2. Msingi wake uliwekwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na jirani zetu wa Tanzania huitengeneza wenyewe. Ni kazi ya kheri kubwa. Ila tusome maelezo yake vizuri. Ile iliyokaushwa hubaki na nguvu kwa takriban wiki nane ikiwa gizani kwenye nyuzi 28. Nyuzi 28, ndugu zangu! Garissa mchana wa Februari na Machi hupita nyuzi 35 kivulini, na chini ya bati ni zaidi. Kustahimili joto maana yake si kutojali joto. Chanjo hiyo inatupa nafasi ya kuvuta pumzi, kama siku chache njiani bila kuharibika, na nafasi hiyo ni ya thamani. Lakini nimeona kisanduku chake kimekaa mwezi mzima kwenye dirisha la ofisi ya wadi kwa sababu mtu aliambiwa “hii haitaki friji.”

Njia nyingine inayopendekezwa ni kuweka chanjo kwenye maji ya kunywa. Kwetu siipendekezi, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu kwa heshima. Ili kuku wote wanywe, yabidi uwanyime maji saa mbili hivi. Kwa joto letu huko ni kuwaua wewe mwenyewe. Tena maji ya bomba yana klorini inayoua chanjo, na ya mtoni yana tope. Tone moja jichoni, kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo kiasi kilekile, ndiyo njia yetu. Irudiwe kila baada ya miezi minne. Ifanywe alfajiri baada ya swala kabla ya kufungulia banda, wakati kuku wanakamatika na hewa ni baridi.

La pili ni kichupa. Kichupa kidogo tunachokiona kwa kawaida madukani kwetu kina matone 100. Vingine vina 500 na 1,000. Kikishachanganywa kitumike ndani ya saa mbili hivi, kinachobaki kimwagwe. Mama wa kawaida ana kuku tisa. Anunue matone mia, adondoshe tisa, amwage tisini na moja? Hawezi, na hapaswi. Huyu mama hakatai chanjo. Kichupa ndicho kinachomkataa. Nimesoma ripoti nyingi zinazoandika kwamba wafugaji wa kaskazini mashariki “hawana mwamko.” Naomba neno hilo tuliache. Nyumba kumi na moja zenye kuku tisa tisa hutosha kichupa kimoja, karibu bila kubakisha. Katika bulla za mji nyumba kumi na moja ni uchochoro mmoja. Na kwa kuwa kuku wa nyumba moja hula kwenye nyua za nyumba tatu, kuchanja nyumba moja katikati ya majirani wasiochanja ni kuacha kuku wa majirani walete ugonjwa kila asubuhi. Kichupa kikubwa kinatulazimisha kukusanyika, na ugonjwa wenyewe unatutaka tukusanyike. Tukilipanga vizuri, kizuizi hiki kinakuwa sababu ya kuwachanja wote. Nje ya mji, kule Fafi, Lagdera na sehemu za Ijara, nyumba kumi na moja zinaweza kuwa umbali wa nusu siku, na huko sina jibu rahisi ila nitapendekeza kitu.

La tatu ni kalenda, na hili ndilo lililonichosha zaidi. Mdondo hupenda ukavu, upepo na vumbi, yaani kiangazi cha jilaal, na hupenda kuku wanaosafirishwa. Sasa tazama soko letu. Kuku wengi wanaoliwa Garissa huja kwa barabara kutoka Mwingi na Ukambani, vizimba juu ya mabasi na malori. Wakati wa kuja kwa wingi ni Ramadhani kuelekea Idd. Kalenda ya Hijria husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 Idd-ul-Fitri ilikuwa Aprili 10, wakati wa mvua za gu. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Mwaka 2026 Ramadhani yenyewe inaanzia Februari, katikati ya jilaal, na kwa miaka kadhaa baadaye itabaki ndani ya jilaal. Msimu wa ugonjwa na msimu wa soko imekutana. Hii ndiyo hatari ninayotaka kila afisa aondoke nayo leo.

Na chanjo yetu hufuata kalenda gani? Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Tangu huduma za mifugo zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mpango wa chanjo huandikwa, hupitishwa, husubiri fedha, na zikifika huelekezwa kwanza kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Siilaumu ofisi yoyote. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye ofisi na kutia sahihi mipango hiyo, na homa ya mapafu ya mbuzi ni ugonjwa mkubwa. Lakini nimeshuhudia chanjo ya kuku ikifika wiki mbili baada ya mlipuko, tukawachanja waliokuwa wameshaambukizwa, wakafa, na wafugaji wakaondoka wakiamini kwamba chanjo ndiyo iliyowaua. Chanjo iliyochelewa hupoteza kuku wa mwaka huu na imani ya miaka mitano ijayo.

Jambo moja linahitaji upole. Kuku mmoja akianza kusinzia, mwenye nyumba huwauza waliobaki siku hiyohiyo. Sheria inautaja mdondo kuwa ugonjwa wa kuripotiwa, na kuuza kuku wa banda lenye ugonjwa hueneza virusi mpaka Dadaab na Wajir. Lakini yule mama anachagua kati ya kupata kidogo na kukosa kabisa. Mpaka tumfikishie chanjo, kumkemea peke yake hakutoshi.

Kitu gani hufika?

Kwa miaka nilijiuliza: mbona tunasema hakuna kinachoweza kufika vituo vya mbali kikiwa salama? Maziwa ya ngamia huletwa mjini kila asubuhi na wanawake wenye madumu, na magari yaliyowaleta hurudi mchana. Miraa hufika kila kituo siku ileile ikiwa mbichi, imefungwa kwa majani ya mgomba. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya miraa, nami ninayo yangu, lakini dereva wake hajawahi kuambiwa kwamba Liboi ni mbali. Na kila nyumba ya Kisomali, hata herio, kibanda cha wahamaji, ina chupa ya chai. Chupa hiyo huhifadhi joto la chai tangu asubuhi hadi magharibi. Ukiijaza barafu, huhifadhi baridi vilevile. Tulijaribu na kikundi kimoja cha akina mama: barafu nusu, kichupa kimefungwa kwa karatasi kavu ili kisiguse barafu, kifuniko kikakazwa, safari ya saa tano. Barafu ilikuwa bado ipo.

Mapendekezo

Kwanza, siku ya chanjo ya mdondo iwe moja kwa bulla nzima, itangazwe msikitini na redioni, na iwe angalau wiki tatu kabla ya Ramadhani, ili kinga iwe imekamilika kabla ya kuku wa biashara kuingia. Tarehe ifuate mwezi, wala isifuate mwaka wa fedha.

Fedha za chanjo ya kuku ziwe na fungu lake dogo lisiloguswa, linunue chanjo mwezi Desemba. Kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na chanjo za mifugo mikubwa.

Kila nyumba kumi au kumi na tano ziwe na mwanamke mmoja aliyefunzwa kudondosha, chini ya usimamizi wa afisa wa mifugo kama sheria ya 2011 ya taaluma yetu inavyotaka. Alipwe na majirani zake shilingi chache kwa kuku, siyo na mradi, maana miradi huisha. Nasisitiza mwanamke, kwa sababu yeye huingia ua wa jirani alfajiri bila kubisha hodi mara tatu, na kuku ni wake.

Vituo vya afya vina friji za sola za chanjo za watoto, na taratibu hazituruhusu kuweka humo chanjo za mifugo. Taratibu hizo ni sahihi, nami sitaki zivunjwe. Ninachoomba ni friji ndogo ya pili, ya mifugo, kwenye jengo lilelile na paneli yake, ilindwe na mlinzi yuleyule. Nimeliandikia jambo hili barua zaidi ya moja. Naliandika tena.

Duka linalouza chanjo liwe na kipimajoto ndani ya friji na daftari la kukisoma asubuhi na jioni. Mnunuzi awe na haki ya kuliona daftari hilo kabla ya kutoa pesa.

Watengenezaji waombwe kutoa kichupa cha matone 50. Wasipotoa, turudi kwenye la kwanza: nyumba kumi na moja, asubuhi moja, kichupa kimoja.

Kwa Fafi, Lagdera na Ijara ya ndani, idara ifanye mapatano ya maandishi na wanawake wa maziwa ili wabebe chanjo ya I-2 katika chupa za chai wanaporudi, na kuku wakusanywe kisimani au kwenye duksi, chuo cha Kurani, siku iliyopangwa. Hata magari ya miraa yasikataliwe.

Kuku mgeni, wa kununuliwa au wa zawadi, atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Mizoga izikwe shimo la kiuno au ichomwe, isitupwe mtoni wala kwa korongo wa jaani. Na maafisa wenzangu, tunapoingia banda la pili tubadili au tuoshe viatu. Sisi pia tumebeba ugonjwa.

Maabara yetu ya kanda ya uchunguzi wa mifugo iko hapahapa Garissa. Mlipuko ukianza, pelekeni huko kuku wawili waliokufa punde, ndani ya mfuko na barafu, kabla ya kununua dawa yoyote.

Na siku ya chanjo iwe wiki tatu kabla ya Ramadhani. Narudia kwa sababu nikiulizwa mwezi ujao ni lipi kati ya haya lichukuliwe peke yake, ni hilo.

Mwenyekiti, kwenye meza yako kuna chupa ya chai nyekundu. Niliijaza barafu saa kumi na mbili asubuhi, nikaweka ndani kichupa kitupu cha chanjo na kipimajoto, na imekaa hapo ukumbini bila kufunguliwa. Kwa idhini yako naomba mama mmoja kutoka safu ya mbele aifungue na atusomee namba kabla hatujaenda kunywa chai.